Kulirudisha tangi la matumbawe la marehemu baba

Tangi la marehemu baba lilikaa kavu miaka tisa kwenye kibanda cha uani, mashariki mwa London, limefunikwa shuka. Baba alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akaja huku kufanya kazi ya reli, na mwaka 1998 akaamua kwamba kama bahari haimfuati, ataitengeneza sebuleni. Tangi la lita 300, matumbawe, samaki, na chumvi kwenye zulia ambayo mama hakuiacha kuilalamikia. Alipofariki mwaka 2014 niliwagawa samaki wote ndani ya wiki moja, kwa sababu sikuweza kuketi sebuleni na wao wakiogelea kama hakuna kilichotokea.

Nilianza tena mwaka 2023. Naandika kwa ajili ya mwenye kisa kama changu: umeachiwa vifaa, unajua nusunusu ulichokiona utotoni, na unataka kuanza haraka kwa sababu moyo unasukuma. Hiyo haraka ndiyo adui yako wa kwanza. Wa pili ni kutaka kufanya kila kitu kama alivyofanya yeye. Kwa kila jambo lake jiulize: alifanya hivi kwa kuwa ndiyo sahihi, au kwa kuwa enzi zile hakukuwa na njia nyingine? Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kujibu swali hilo, kifaa kwa kifaa.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje, usinunue chochote

Panga vifaa uani mchana kweupe. Mimi nilikuta tangi, kabati lililovimba miguu kwa maji, taa mbili za metali-halaidi za wati 250 kila moja, skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) iliyoganda chumvi, hita tatu, ndoo mbili za mawe makavu, kipima chumvi cha plastiki chenye mkono unaoelea, na daftari la jalada jekundu.

Hita zilizokaa miaka, tupa. Hita kuukuu huweza kukwama ikiwa imewaka, na asubuhi unakuta supu. Globu za taa zile zina zebaki, kwa hiyo usizivunje wala usizichanganye na taka za nyumbani. Zipeleke zinakopokelewa taka za umeme. Mipira ya maji iliyokakamaa nayo iende. Skima na pampu ziloweke kwenye maji yenye siki kwa siku nzima. Chokaa yote iliyoganda itayeyuka, kisha suuza. Sabuni usiiguse kabisa katika kazi hii yote, hata ya kuoshea ndoo.

Daftari liweke mahali pakavu. Tutalihitaji kwenye maji.

Hatua ya 2: Kijaribu kioo mbali na zulia la mama

Tangi lililokaa kavu muda mrefu lishuku. Silikoni, ile gundi ya vioo, huzeeka, hupoteza unyumbufu na kubanduka pembeni. Liweke uani juu ya ubao ulionyooka wenye sponji chini, lijaze theluthi, subiri siku moja, ongeza theluthi nyingine, subiri, kisha lijaze. Kila asubuhi pitisha karatasi ya jikoni kwenye kona zote kwa nje. Karatasi huona unyevu kabla ya jicho.

Langu lilivumilia siku mbili. Siku ya tatu karatasi ilitoka na doa kona ya kushoto nyuma.

Ikiwa kilichoharibika ni silikoni ya ndani tu, ile ya pambizo, unaweza kuikwangua yote kwa wembe, kusafisha kioo kwa spiriti na kupaka upya. Sema yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Tumia ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maliza kila kona kabla haijashika ngozi, kisha iache wiki nzima ikauke. Lakini ukimulika tochi kwenye maungio yenyewe, pale kioo kinapokutana na kioo, ukaona mapovu au utando mweupe unaoingia ndani, hiyo si kazi ya kupaka. Tangi la lita 300 likipasuka usiku, umemwaga kilo 300 za maji ya chumvi ndani ya nyumba.

La baba lilikuwa na mapovu. Nilikaa nalo wiki mbili nikitafuta mtu wa kuniambia vingine. Mwishowe nilinunua tangi dogo zaidi, sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kama lita 180, na kioo cha mbele cha lile la zamani nikakipeleka kwa fundi wa vioo. Alikikata vipande vitatu, na leo ndivyo vizuizi vya sampu, lile tangi dogo lililofichwa kabatini ambamo maji huchujwa. Hakuna mgeni anayeviona. Maji yote ya tangi hupita juu yake mara kadhaa kwa saa. Ukitaka kufanya hivyo, muulize fundi kwanza kama kioo kimetiwa ugumu tanurini, maana hicho hakikatiki, husambaratika. Mara nyingi ni cha chini tu.

Hatua ya 3: Mawe, na onyo moja la dhati

Mawe ya matumbawe makavu yanafaa kutumika tena, lakini yamebeba mizoga ya viumbe vya miaka ile, na mizoga hiyo hutoa fosfeti inayolisha mwani. Yasugue kwa brashi ngumu chini ya maji, uani, ukivaa glavu na miwani. Kisha yaloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ya kawaida isiyo na manukato, sehemu moja kwa kumi, kwa siku moja au mbili. Suuza, yaanike juani hadi yakauke kabisa na harufu iishe. Kama ulitumia siki kwenye chombo hichohicho, kioshe kwanza: siki ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo haina mzaha.

Usiyachemshe mawe. Narudia kwa sababu ni jambo ambalo mtu hulifikiria haraka, kwamba maji ya moto husafisha. Baadhi ya matumbawe yenye umbo la vitufe, jamii ya Palythoa, hubeba sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana katika viumbe, na moto hauiangamizi. Mvuke wa sufuria huirusha hewani. Kuna familia zilizolazwa hospitali kwa kosa hilohilo.

Baada ya hapo yaweke kwenye pipa la maji ya chumvi, gizani, na pampu ikizunguka. Pima fosfeti kila wiki. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, mwaga maji, weka mengine. Yangu yalichukua wiki saba. Unaweza kununua mapya ukaokoa muda. Mimi sikutaka, kwa sababu jiwe moja lilikuwa na tundu ambalo nilipokuwa na miaka minane niliingiza kidole kikakwama, na baba akanitoa kwa mafuta ya nazi, kisha akalalamika siku nzima kuhusu mafuta hayo kuingia majini.

Hatua ya 4: Maji

Maji ya bomba hayafai. Hapa London ni magumu, yana klorini, na kampuni za maji huongeza fosfeti ili madini ya risasi yasitoke kwenye mabomba ya zamani. Nzuri kwa mnywaji, balaa kwa tangi. Pata mashine ya RO (huchuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando) yenye hatua ya mwisho ya resini, na kipima cha TDS (madini yaliyoyeyuka majini) kinachosoma 0. Mashine hizi humwaga lita tatu au nne kwa kila lita moja safi. Ya taka tunamwagilia maua na kufulia.

Chumvi ni ya akwaria, si ya jikoni wala ya kukusanya ufukweni. Gramu 35 hadi 39 kwa lita, kulingana na chapa. Tia chumvi ndani ya maji, si maji juu ya chumvi, la sivyo kalisi itaganda chini kama unga. Pasha hadi nyuzi 25, acha pampu izungushe usiku kucha, ndipo upime.

Hapa ndipo daftari lilipotaka kunipoteza. Kila Jumapili, miaka kumi na sita, baba aliandika mambo matatu: joto, chumvi, na neno moja au mawili kuhusu tangi. "Shwari." "Kangaja hali," yaani samaki wake aitwaye kangaja hataki kula. "Shwari." Safu ya chumvi ilisoma 1.023 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu) karibu kurasa zote, ilhali maji ya mwamba ni 1.025 au 1.026, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Nilikuwa tayari kuchanganya 1.023 kwa heshima yake. Bahati nzuri nilikisafisha kipima chake cha plastiki na kukitia kwenye maji niliyokwisha kuyapima kwa refraktomita mpya, kipima chumvi kinachotumia mwanga: refraktomita 1.026, mkono wa baba 1.023. Kipima kilikuwa kinadanganya, ila kilidanganya kiasi kilekile kila Jumapili, na baba alikuwa anaangalia matumbawe yenyewe. Ningenakili namba yake kwa chombo changu, ningewapa viumbe maji mepesi kuliko aliyowapa yeye.

Kwa hiyo, ukirithi kumbukumbu za vipimo, vijaribu vyombo vilivyozizaa kabla hujazifuata. Na refraktomita yako isahihishe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, si kwa maji matamu, kwani kosa linaweza kujificha huko juu unakopimia.

Hatua ya 5: Umeme

Fupi lakini usiiruke. Kila waya ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi ndani ya soketi. Soketi zikae juu, ubavuni mwa kabati, kamwe zisiwe chini ya tangi. Hakikisha nyumba ina swichi inayokata umeme ukivuja. Mkono usiingie majini hita ikiwa imewaka.

Kwa ndugu zangu wa Dar na Mombasa ambako umeme hukatika: kitu cha kwanza kuisha tangini ni hewa, kabla ya joto. Pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo iwe kifaa chako cha kwanza cha akiba. Na huko nyumbani matumbawe hai hayavunjwi mwambani kupelekwa sebuleni. Sheria inalilinda tumbawe, na mwamba wenyewe umechoka. Tangi la samaki na mawe linakutosha na linapendeza.

Hatua ya 6: Tangi liive

Tangi jipya ni bichi. Taka za samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, inayoua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, nayo inaua. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo kwa kiasi kidogo haina shida. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe.

Baba aliivisha tangi lake kwa samaki watatu waitwao vifuu, wale weusi wenye madoa meupe, kwa sababu ndivyo dukani walivyomwambia: vifuu ni wagumu hawafi haraka. Walipona wote, wakakua, wakawa majambazi wa tangi kwa miaka, na hakuna aliyeweza kuwakamata bila kubomoa mwamba mzima. Hii ni moja ya zile za "hakukuwa na njia nyingine". Leo unanunua amonia ya chupa, unatia matone hadi ifike miligramu 2 kwa lita, unaongeza bakteria wa chupa ukipenda, unasubiri bila kumtesa mtu. Siku utakapotia amonia hiyo na baada ya saa 24 ukakuta amonia 0 na nitraiti 0, limeiva. Badilisha nusu ya maji.

Kisha litachafuka. Kwanza vumbi la rangi ya kutu kila mahali, kisha nywele za kijani. Watu wengi huvunjika moyo hapa, na aliyefiwa huvunjika zaidi, kwa sababu anaona kama ameharibu kitu cha watu. Hujaharibu. Washa taa saa sita tu kwa siku, tia konokono kumi hivi, ng'oa nywele kwa mkono, subiri. Ukiona madoa ya rangi ya zambarau yanaanza kuota kwenye kioo cha nyuma, mambo yamenyooka.

Hatua ya 7: Matumbawe ya kwanza

Anza na laini: uyoga wa jamii ya Discosoma, tumbawe la ngozi, vipande vya bei ndogo vilivyokuzwa matangini. Kila kipande kichovye kwenye dawa ya kuogeshea matumbawe, kitikise, tazama kinachodondoka. Taa za LED zina nguvu kuliko zinavyoonekana; anza theluthi ya uwezo wake, panda polepole kwa wiki tatu au nne. Hapa namkosoa mzee waziwazi: zile taa zake zilikula wati 500, zikachemsha maji kila Julai, na mama alizichukia kwa haki.

Tumbawe linajenga mifupa kwa kalisi na kabonati, kwa hiyo pima alkalini, yaani kiasi cha kabonati majini, na uishikilie kati ya 7 na 9 kwa kipimo cha dKH, kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi kama 1300. Kutulia kwa kipimo ni muhimu kuliko namba yenyewe. Usipandishe alkalini zaidi ya 1 kwa siku.

Njia ya baba ya kushikilia vipimo hivyo ilikuwa maji ya chokaa, na hii ndiyo niliyoirithi bila kubadilisha hata kidogo. Unachukua haidroksaidi ya kalisi iliyo safi, si chokaa ya kupakia kuta, gramu 1 hadi 1.5 kwa lita ya maji ya RO. Unakoroga, unaacha itulie, unga unabaki chini, na yale maji maangavu ya juu unayadondosha tangini tone kwa tone usiku, kufidia yaliyokauka kwa mvuke. Usiku ni kwa sababu maji ya tangi hushuka pH taa zikizimwa, na chokaa huipandisha.

Baba alikuwa akicheka peke yake akikoroga ndoo ile. Kwao mji wa kale ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu, kuni zikipangwa duara na mawe juu yake. "Sisi tuliyachoma tukapata chokaa," alisema, "sasa nayarudishia kwa kijiko." Nilidhani ni utani tu hadi niliposhika kijiko mwenyewe.

Kosa langu ni hili. Wiki ya tatu niliacha koki ya kudondoshea wazi kupita kiasi, nikalala. Alfajiri maji yalikuwa meupe kama tui. Konokono wanne walikuwa wameanguka, na uyoga umejikunja kama vitambaa vilivyolowa. Pima pH kabla hujafanya chochote. Yangu ilikuwa 8.9. Funga koki, ongeza hewa, badilisha sehemu ya tano ya maji kwa mapya yaliyokwisha kuchanganywa. Usimimine dawa ya kushusha haraka, kwa sababu kushuka ghafla ni pigo la pili. Jioni upande wa pili wa tangi ulikuwa umeshaanza kuonekana kupitia maji. Nilipoteza konokono wote wanne na uyoga mmoja. Tangu hapo ndoo yangu ya chokaa haizidi lita mbili, kiasi cha maji yanayokauka kwa siku, hata koki ikifunguka yote madhara yana mpaka. Miwani na glavu vaa: maji hayo yana pH zaidi ya 12.

Hatua ya 8: Samaki

Wawili waliozaliwa matangini, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanatosha kwa miezi ya mwanzo. Kila samaki akae tangi la karantini wiki nne hadi sita kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe ukishaingia kwenye mwamba, hakuna dawa unayoweza kuitia bila kuua matumbawe.

Siku niliyokwenda dukani kulikuwa na kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, na kibandiko kwenye kioo: Kenya. Ndiye aliyekuwa kipenzi cha baba, ndiye yule wa "kangaja hali" daftarini. Nilisimama mbele yake muda mrefu hadi muuzaji akaja na wavu. Lakini kangaja hufika sentimita 20 na zaidi, ni mkimbiaji, anataka tangi la karibu mita mbili, na ni mwepesi kuliko wote kushika madoa meupe. Lita 180 ni jela kwake. Hata zile 300 za baba zilikuwa ndogo, na nadhani kurasa za "hali" zinasema hivyo. Nilirudi na konokono.

Hatua ya 9: Ratiba, na ubani

Kila Jumapili: asilimia 10 ya maji, kusugua kioo, kumwaga kikombe cha skima, kupima alkalini, kuandika. Saa moja na nusu.

Jambo ambalo vitabu vya Wazungu havitakwambia ni moshi. Skima huvuta hewa ya chumba na kuisaga ndani ya maji, kwa hiyo udi, ubani, manukato ya kupuliza na dawa ya mbu vyote huishia tangini. Peleka chetezo chumba kingine, au zima skima kwa saa chache na ufungue dirisha kabla ya kuiwasha. Saa chache bila skima hazidhuru kitu.

Mwaka jana tulisoma khitma ya baba hapa nyumbani. Wageni walijaa, watoto wamebandika pua kwenye kioo, na shangazi akaingia sebuleni na chetezo kinafuka. Niliruka kutoka jamvini kukimbilia kabati. Mama alikuwa ameshainama mbele yangu, mkono mmoja umeshika buibui, mwingine ndani ya kabati, na ile ngurumo ya skima ikanyamaza.